Babu Wilondja Hageuki

Ilikuwa Jumatano ya kawaida, mwezi wa tisa mwaka 2017. Baridi ilikuwa imeanza kuaga, jua la Randburg, hapa Johannesburg, lilikuwa limerudisha nguvu, na Léocadie alikuwa amekaa kwenye cherehani yake akipunguza kiuno cha sketi ya mama mmoja wa kanisani. Mama huyo kila mwaka hudai amekonda, na kila mwaka hurudi baada ya mwezi kuomba sketi ipanuliwe. Léocadie alikuwa ameshajifunza kutokata kitambaa kinachozidi. Alikikunja ndani akakishikiza, kikisubiri siku ya ukweli.

Kibanda chake kilikuwa chumba kidogo ndani ya jengo la maduka, katikati ya saluni ya akina dada wa Lubumbashi na fundi simu. Kilikuwa na cherehani, pasi, meza ya kukatia, na kioo kirefu cha kujitazamia wateja. Kwa Mbembe wa Baraka, mashariki ya Kongo, aliyekulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kibanda hicho hakikuwa haba. Yeye na mumewe Gaston walikuwa wameteremka hadi Johannesburg mikono mitupu, Gaston akapata kazi ya ulinzi Sandton, wakazaa binti mmoja, maisha yakasogea.

Kisha, mwaka mmoja kabla ya Jumatano hiyo, moyo wa Gaston ulisimama saa nne asubuhi, mwenyewe akiwa amesimama getini na sare yake.

Léocadie hakulia. Msibani sisi majirani tulimwita mama mgumu, na tulipofika kwenye ngazi tukamwita mjane mkavu, maana binadamu hatuna jema. Yeye alisikia yote. Siku ya tatu alijifungia jikoni akakata vitunguu vinne. Macho yakatoka maji, lakini alijua ni ya vitunguu, akavikaanga. Alijua alimpenda mume wake kama mtu anavyojua namba ya nyumba yake. Alijua tu. Hakusikia kitu.

Mwenye machozi nyumbani mle alikuwa Murielle, binti yake wa miaka kumi na miwili. Huyo alimlilia baba yake mpaka sauti ikakauka. Alimlilia hata njiwa aliyegongwa na gari. Kulikuwa na filamu moja ya mbwa aliyekuwa akifa mwishoni, na Murielle, ingawa aliijua yote, aliililia kila alipoitazama. Wakati huo Léocadie aliacha pasi, akaja kukaa karibu naye kimya, kama mtu asiye na kuni anavyokwenda kuota moto kwa jirani. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mtoto huyu asije akawa kama yeye.

Sasa, Jumatano hiyo Murielle alirudi kutoka shule na karatasi. Ijumaa shule ingesherehekea Siku ya Urithi, na kila mtoto alitakiwa aje amevaa kama mmoja wa wazee wa ukoo wake, asimame, asimulie habari zake. Aliuliza kwa Kiingereza chake cha shule, maana Kiswahili alikielewa lakini kilimkwama kinywani: sisi tuna nani?

Léocadie alifikiri kidogo. Akaifuata Biblia, akatoa picha iliyokuwa ndani yake.

Ilikuwa picha ya karatasi, imepita vita viwili na kambi moja. Nyuma yake iliandikwa kwa kalamu ya wino: Wilondja, Baraka, 1964. Ilionyesha mwanamume mrefu mwenye shati la kaki, amefungwa kipande cha ngozi ya mnyama begani. Bega lake la kushoto liliinama kidogo. Uso haukuonekana. Alikuwa amempa mpiga picha mgongo.

"Ni babu yangu, mzaa baba," Léocadie alisema. "Alikuwa Simba."

Akaeleza alichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Mwaka huo wa sitini na nne, watu wa mashariki ya Kongo waliasi serikali, na wapiganaji wao wakajiita Simba. Kabla ya kwenda vitani walichanjwa kifuani na kwenye paji la uso, wakapakwa dawa, wakanyunyiziwa maji, wakaambiwa risasi za adui zitageuka maji zikiwagusa. Dawa ilikuwa na masharti. Sharti moja lilikuwa kuu: askari haangalii nyuma. Mpiga picha alikuja kwa nyuma akamwita. Babu hakugeuka.

Murielle aliishika picha kwa vidole viwili. Machozi yakamlengalenga. Alisema masikini, hakuna hata mmoja wetu anayeujua uso wake.

Hapo ndipo Léocadie alipoamua kumshonea shati lile.

Picha haikuonyesha upande wa mbele, hivyo alimwandikia shangazi yake Brigitte kule Baraka, binti wa mwisho wa Wilondja aliyebaki hai. Jibu lilikuja Alhamisi asubuhi. Lilikuwa la sauti, dakika kumi na moja. Mwenye shangazi Mkongo anajua mambo hayo: dakika nne za kwanza ni salamu, kisha mbuzi, kisha aliyekufa na aliyeoa, na habari yenyewe inakuja imechoka. Léocadie aliiweka simu juu ya meza, akaendelea kukata kitambaa.

"Shati ya baba ilikuwa kaki," sauti ya Shangazi Brigitte ilisema hatimaye. "Mifuko mbili hapa mbele. Vifungo sita. Mikono mirefu, alikuwa anaikunja. Mama yangu ndiye alimushonea kwa mukono..."

Mlango ukafunguliwa. Mama wa sketi alikuwa amefika. Léocadie akaisimamisha sauti kwenye dakika ya saba, akasema moyoni nyingine nitasikiliza baadaye. Ndivyo wengi wetu tunavyozisikiliza sauti za nyumbani. Tunachukua tunachokihitaji, kilichobaki kinatungoja ndani ya simu.

Alishona siku nzima. Alishona vizuri, kwa sababu hakujua kushona vibaya. Kila kifungo alikizungushia uzi mara nne chini yake, akakaza, akafunga fundo, akakata kwa meno. Nguo ilikuwa haitoki kwa Léocadie bila kifungo, hata kama mteja ana haraka ya kwenda kuzika.

Saa kumi jioni Murielle alikuja kujaribisha. Alivaa shati juu ya sketi yake ya shule. Léocadie mwenyewe alimfunga vifungo vyote sita, kuanzia chini kwenda juu, kisha akamsogeza mbele ya kioo, akapiga magoti pembeni yake na pini kinywani.

Akainua macho kuangalia kama upindo umekaa sawa.

Murielle alikuwa ameelekea kioo. Uso wake ulikuwa mbele ya kioo kabisa. Lakini kilichokuwa ndani ya kioo kilikuwa mgongo.

Mgongo wa kaki. Shingo pana yenye mikunjo. Nywele zilizonyolewa chini sana. Bega la kushoto liliinama kidogo.

Léocadie aliutazama. Alijua mtu mwingine angepiga kelele. Alingoja kuona kama kelele itakuja, haikuja. Aliona tu kwamba bega limeinama, akatoa pini kinywani, akashika upindo na kuichomeka.

Pini iliingia kirahisi mno. Alipotazama, ilikuwa imepita kitambaa na sketi, ikaingia pajani kwa mtoto yote, ikabaki kichwa chake tu.

"Nimekuchoma?" alinong'ona.

"No, Ma."

Murielle hakuwa hata ametikisika. Léocadie akaivuta pini. Ilikuwa ndefu kama kidole gumba. Damu haikutoka. Lilitoka tone moja la maji, safi, likateremka hadi gotini.

Jioni ile Murielle alikataa kuvua shati. Léocadie aliweka ile filamu ya mbwa, makusudi, akakaa karibu. Mbwa akalegea. Mbwa akafa. Murielle alikuwa akitafuna karanga. Alisema ni mbwa tu, akaomba maji, akanywa vikombe vitano bila kupumzika.

Mahali fulani ndani ya Léocadie, mbali, kitu kiligonga. Kilikuwa hofu. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya kwanza kwa mwaka mzima, akaitambua.

Ijumaa asubuhi Murielle aliondoka na shati lake. Léocadie aliona mkebe wa chakula umebaki mezani, akatoka nao kwenye roshani.

"Murielle! Chakula chako!"

Mtoto hakugeuka. Aliita tena. Watu wawili wasiohusika waligeuka. Murielle alikwenda moja kwa moja hadi kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, akaingia barabarani kama anayevuka uwanja wa nyumbani. Magari yakafunga breki. Dereva mmoja akatoa kichwa nje akafoka. Yeye hakuangalia kulia, hakuangalia kushoto. Nyuma ndiyo kabisa.

Léocadie alirudi ndani, akachukua simu, akatafuta dakika ya saba.

"...alimushonea kwa mukono," Shangazi Brigitte alisema. "Lakini sikiliza muzuri, mutoto yangu. Kifungo cha pili kutoka juu hakikuwa. Mama alikiacha makusudi. Shati ya mutu alichanjwa haifungwi pale penye chanjo. Dawa lazima ipate njia ya kutoka. Ukifunga yote, umeifungia ndani."

Léocadie alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.

"Vita ilipoisha, ule aliwachanja alipaswa kuwafungua. Alikufa. Baba akabaki nayo. Unajua alikuwa namna gani? Ndugu yangu Mmunga alikufa na surua, baba akamubeba kaburini kama mutu anabeba fimbo. Siku moja alikuwa amekaa kwa moto anaongea na watu. Mukono wake ulikuwa ndani ya moto. Hakujua. Alisikia harufu, akauliza: nani anapika nyama?"

Alikuwa kwenye ngazi sasa, simu sikioni, akiteremka mbili mbili.

"Alipokufa, askari wa serikali walikuwa bado wako kwenye milima. Tungelia, wangesikia. Hatukumulilia. Toka pale, kila kizazi kinapata mumoja mukavu. Baba yako alikuwa. Wewe uko. Mutoto wako usimuvalishe ile shati yote imefungwa. Na kama amevaa, usimuite kwa nyuma. Akigeuka na dawa bado iko ndani, harudi. Umufikie kwa mbele. Mwenye alifunga, ndiye anafungua. Lakini kile kinatoka hakipotei, Léo. Kinaingia kwa mwenye anafungua. Baba aliniomba mimi nimufungue. Nilikuwa mutoto. Niliogopa."

Sauti ikaisha. Shule ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Alikwenda kwa kumi na mbili.

Uwanja ulikuwa umejaa rangi. Palikuwa na watoto wa shanga za Kizulu, wa mablanketi ya Kindebele, na mmoja mwenye sketi ya mistari aliyesema babu yake alitoka Skotilandi. Wazazi walikuwa wakila vitumbua vya hapa wanavyoviita amagwinya. Mwalimu wa darasa alimwona Léocadie, akaja mbio, uso umempauka.

Alisema Murielle amesimulia vizuri ajabu. Alisimulia kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, bila kukwama, kwa sauti nzito, na watoto wadogo wa mbele wakaanza kulia bila kujua sababu. Kisha aliingia ukumbini, akaelekea ukutani. Hageuki. Nimemwita, mwalimu alisema. Nimemwita mara nyingi.

"Amegeuza kichwa?" Léocadie akauliza.

Mara ya mwisho, mwalimu akasema, shingo ilianza kusogea.

"Usimwite tena," Léocadie alinong'ona. "Tafadhali. Mtu yeyote asimwite."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Upande mmoja palikuwa na meza ya chai, na juu yake birika kubwa la umeme likitokota. Murielle alikuwa amesimama mwisho wa meza, ameipa dunia mgongo, pua inakaribia ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umewekwa juu ya birika, kiganja chote, kama mtu aliyeegemea ukingo wa mashua.

Harufu ilikuwa imejaa.

Léocadie alipita kwa ubavuni, hatua kwa hatua. Kwanza aliushika ule mkono, akauondoa. Ngozi nyingine ilibaki. Mtoto hakushtuka. Alisema kitu kwa ukuta, kwa Kiswahili cha Baraka, sauti ya mwanamume aliyechoka.

"Nani anapika nyama?"

Umfikie kwa mbele. Mbele ulikuwa ukuta. Léocadie akaingiza bega, akaingiza kifua, akajipenyeza kati ya mwanawe na saruji. Mtoto wa miaka kumi na miwili, kilo thelathini na kitu. Lakini kifua kilichomkandamiza kilikuwa na uzito wa mtu mzima aliyetembea mbali. Kilimgandamiza ukutani mpaka pumzi ikakata. Akainua uso.

Macho ya Murielle yalikuwa wazi. Yalimpita. Yalikuwa yanatazama mbele tu.

"Babu," Léocadie akanong'ona. "Mimi ni mtoto wa mtoto wako. Huyu si wako. Toka uje kwangu. Mimi nimeshazoea."

Hakuogopa. Huo ndio ukweli, na baadaye alipotusimulia alikuwa anauona kama aibu. Alichokiona ni hesabu ndogo tu: ndani yake yeye mlikuwa mmebaki kitu kidogo sana, ile hofu ya jana, na upendo anaoujua bila kuusikia. Mtoto alikuwa na moyo mzima. Akashika kifungo cha pili kutoka juu. Kilikuwa kimekaza. Kazi yake mwenyewe, uzi mara nne na fundo. Vidole vikateleza. Akainama, akakiuma kwa meno, akavuta kwa kichwa chote.

Uzi ukakatika.

Kifungo kilianguka, wala hakikulia kilipogusa sakafu. Shati likafunguka kifuani. Hewa baridi yenye harufu ya moshi wa kuni ikatoka pale, ikampiga Léocadie usoni, ikaingia.

Na Murielle akapiga kelele.

Alipiga kelele mpaka madirisha yakalia. Aliushika mkono wake ulioungua, akaanguka magotini, akalia kwa Kiingereza, akalia kwa Kizulu, akamwita Ma, Ma, Ma. Walimu wakaingia mbio. Hawakuelewa kwa nini mama mtu amesimama ameegemea ukuta, ametulia, akiisikiliza kelele ile kama mtu anayesikiliza kwaya ya kwao.

Hospitali walimtibu vizuri. Kiganja kilipona kwa miezi miwili, kikabaki na kovu linalong'aa. Murielle alilia kila walipombadilishia bandeji. Aliililia filamu ya mbwa. Alimlilia tena baba yake, upya, kana kwamba amekufa jana. Kisha siku moja alikaa na ile picha, akamlilia na Babu Wilondja, peke yake, kwa saa nzima. Ilikuwa miaka hamsini tangu azikwe, na ndiyo mara ya kwanza ukoo umetoa machozi kwa ajili yake.

Alipomaliza alimpelekea mama yake picha. Bega la kushoto lilikuwa limenyooka. Kichwa kilikuwa kimegeuka. Uso wa mzee mwembamba uliwatazama, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyeitwa na anayempenda. Léocadie aliipiga picha hiyo kwa simu, akaituma Baraka. Shangazi Brigitte, mwenye dakika kumi na moja, safari hii alijibu kwa sekunde nne.

"Ndiye," alisema. "Ndiye baba."

Kioo cha kibandani Léocadie amekifunika kwa kanga. Mteja akitaka kujitazama, anamwachia nafasi, yeye anatoka nje. Anashona kama zamani. Anasalimu. Anacheka panapostahili kuchekwa, akiwa amechelewa kidogo. Na ukimwita kwa nyuma, hata ukipaza sauti, hata kama nyumba inawaka, anasimama palepale anakungoja, shingo imenyooka.

Murielle amejifunza. Akitaka kumwita mama yake huwa anapita kando, anazunguka, anakuja kusimama mbele yake. Mara nyingine anamwekea kile kiganja chenye kovu kwenye paji la uso, anamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Ma, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," Léocadie anajibu, kwa sababu mtoto anastahili kujibiwa hivyo.

Macho ya mama ni makavu. Lakini kila mara mtoto anapouondoa mkono, kiganja kinarudi kimelowa maji.